Taa za Kitengela na Suala la Mabadiliko katika Fasihi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, kuna sentensi moja ambayo huwakuta watahini kila mwaka: "Mwandishi anaihimiza jamii ikumbatie mabadiliko." Si kosa, ila haijasema lolote bado. Mabadiliko gani? Yaliletwa na nani? Na gharama yake aliilipa nani?

Hebu tuanzie Kitengela, nje ya kitabu. Richard Turere alikulia huko, kwenye mpaka wa kusini wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, akilinda ng'ombe wa babake. Simba walivuka usiku, wakaua. Alijaribu kwanza moto. Ukawamulikia simba njia. Akasimamisha sanamu ya kuwatisha. Siku ya kwanza wakarudi nyuma, siku ya pili wakang'amua kuwa haisogei. Usiku mmoja alipokuwa akizungukazunguka na tochi, simba hawakuja. Hapo ndipo alipochukua betri kuukuu ya gari, indiketa ya pikipiki, vibalbu vya tochi mbovu na paneli ya sola, akaunda taa za kuwakawaka kuzunguka zizi. Mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 13, alisimama kwenye jukwaa la TED huko California akayaeleza hayo.

Zingatia msuko wa kisa hiki. Mara mbili anashindwa kabla ya kufaulu, na aliyemfunza ni simba mwenyewe. Tena alikiri kwamba aliwachukia simba. Hakuanza na wema wowote kwa wanyamapori. Alianza na ng'ombe wa babake.

Sasa tazama fasihi simulizi. Zamani morani wa Kimaasai aliyemuua simba alikuwa na la kujigambia mbele ya rika lake. Majigambo, kama ujuavyo, hutungwa na mhusika mwenyewe kuhusu tendo lake la kishujaa, na hutiwa chuku. Je, mvulana anayewafukuza simba kwa balbu, wote wakabaki hai, anaweza kujigamba? Mimi naona anaweza. Umbo la utanzu linabaki pale pale: nafsi ya kwanza, majina ya kujipa, hatari iliyokabiliwa. Kilichohama ni maana ya ushujaa. Mtahiniwa anayeandika kwamba fasihi simulizi "hubadilika kulingana na wakati" bila kuonyesha kinachobaki na kinachohama amekariri tu.

Turudi kitabuni. Katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, riwaya iliyowahi kuwa kitabu teule cha KCSE, Maksuudi anamfungia bintiye Maimuna ndani ya nyumba. Ni rahisi kuandika kwamba Maksuudi anawakilisha ukale na Maimuna mabadiliko, kisha ukafunga kijitabu cha majibu. Lakini Maimuna hatoki kwenye giza akaingia mwangani. Anatoka akiwa hana ujuzi wowote wa dunia, kwa kuwa babake alimnyima, naye anazama katika ulevi na ukahaba kabla ya kujirudi na kuolewa na Kabi. Moto na sanamu zake zilikuwa miaka ya maisha yake. Hapo ndipo uzito wa riwaya ulipo, na ndipo wanafunzi wengi wanapopita mbio.

Kosa la pili ni kudhani kila jipya ni jema. Kajiado yenyewe inakanusha hilo. Shamba la pamoja la Kitengela liligawanywa mwaka 1988, kila familia ikapata hatimiliki yake. Wengi walifaidika. Hata hivyo nyua na majengo yaliyofuata yamewabania nyumbu na pundamilia njia za kutokea mbugani, na mfugaji naye akabaniwa malisho ya kiangazi. Hao ni watu waliokumbatia mabadiliko barabara. Mhakiki akiyaita "maendeleo" na kuishia hapo, atawaelezaje wahusika ambao faida na hasara zao zimo katika tendo lile lile?

Kwa hiyo, ukiwa na kidato cha tatu wiki ijayo, liache swali la kawaida la maudhui. Wape kazi ya kutunga majigambo ya mlinzi wa zizi la Kitengela, mishororo kumi na miwili, kisha kila mmoja aeleze kwa maandishi kwa nini alimpa simba jina alilompa.