Stadi ya Kutaja Sababu ya Kipimo

Nchini Marekani, kipimo cha maabara hakidaiwi malipo kwa bima bila msimbo unaoeleza kwa nini kimefanywa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2015, misimbo hiyo hutoka katika orodha ya ICD-10-CM, ambayo husahihishwa kila mwaka. Kwa vipimo vya kufuatilia dawa, kuchagua msimbo ni stadi ya usomaji makini: ugonjwa umeshajulikana, na kinachochunguzwa ni mwenendo wa dawa mwilini.

Warfarini yaonyesha jambo hili vizuri. Mtu ambaye vyumba vya juu vya moyo wake hupapatika bila mpangilio hupewa dawa hiyo ili damu isigande. Dozi ikipungua, bonge la damu laweza kufika kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Ikizidi, aweza kuvuja damu. Ndiyo maana hupimwa INR, yaani kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda, mara kwa mara, na kwa wengi lengo ni kati ya 2 na 3.

Mbele ya faili la mgonjwa kama huyo, mwekaji misimbo hodari hutenganisha mambo matatu. Z51.81 hueleza kilichomleta mgonjwa: kufuatilia dawa. Z79.01 husema anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda kwa muda mrefu. Msimbo wa kundi la I48 hutaja maradhi ya moyo yenyewe. INR ikipanda bila damu kuvuja, R79.1 huingia; damu ikivuja kwa sababu ya dawa, D68.32 huchukua nafasi yake, na T45.515A huonyesha kuwa madhara yametokea ingawa dawa ilitumiwa ipasavyo.

Stadi hii ina mipaka yake. Kundi la Z79 halitumiki kwa antibiotiki za siku chache. Dawa ya muda mrefu isiyo na msimbo wake mahususi, kama lithiamu, huwekwa chini ya Z79.899. Kwa mgonjwa wa nje, ugonjwa unaoshukiwa tu hauandikwi kana kwamba umethibitishwa. Huandikwa dalili zake.

Bima hulipa pale msimbo unapoonyesha kwamba kipimo kilihitajika, na hapo uadilifu hujaribiwa. Faili lisipojitosheleza, daktari huulizwa. Msimbo hautafutwi kwa sababu tu unalipwa. Kazi hii yastahili heshima, kwani msimbo usio wa kweli hubaki katika kumbukumbu za mgonjwa na kumpotosha kila atakayemtibu baadaye.