Mama Asiyefiwa: Ngoma na Huzuni katika Filamu ya Félicité

Filamu ya Félicité, iliyoongozwa na Alain Gomis, Mfaransa mwenye asili ya Senegal, imekwisha kusifiwa vya kutosha. Mwaka 2017 Berlin iliipa Dubu wa Fedha, na Ouagadougou ikaitunukia Farasi wa Dhahabu wa Yennenga. Wahakiki wengi wameiona kuwa ni picha ya jiji la Kinshasa. Sisi tunapendekeza itazamwe kama filamu ya matanga, ingawa mtoto anayeliliwa humo hafi.

Félicité (Véro Tshanda Beya) ni mwimbaji wa baa. Mwanawe, Samo, anapata ajali ya pikipiki, na hospitali inadai fedha kabla ya kumpasua. Mama anazunguka jiji akidai madeni na kuomba, hata kwa baba wa mtoto. Fedha zinapopatikana, mguu umekwisha kukatwa.

Hapa sarufi yetu inafaa kusikilizwa. Kitenzi kufiwa kinadai maiti. Aliyefikwa na jambo hilo hupata jina, mfiwa, na jina hilo humletea watu: mikeka, vyungu, mchango, na usiku kucha wa nyimbo na ngoma. Mama ambaye mtoto wake amerudi nyumbani bila mguu, tena amenyamaza, hana jina hilo. Huzuni yake haina kitenzi. Mchango ambao mfiwa huletewa mlangoni pake, yeye anauomba mlango kwa mlango, kwa aibu.

Matanga aliyonyimwa, Gomis anayaweka baani. Kundi la Kasai Allstars linapiga, likembe za umeme na magitaa yakikwaruzana, na watu wanacheza, wanalewa, wanagombana. Kamera haiondoki usoni mwa Félicité. Wachezaji hawaujui msiba wake, lakini miili yao inamfanyia kazi ambayo majirani wangeifanya. (Hata sauti tunayoisikia si yake, bali ya Muambuyi, mwimbaji wa kundi hilo, naye mliaji wa matanga ndivyo alivyo, huazimisha koo lake.)

Hatukuridhika na sehemu za Orkestra ya Wakimbangu ikipiga muziki wa Arvo Pärt. Ni nzuri masikioni, lakini zinaitakasa huzuni ambayo baa ilikuwa imeiacha na jasho lake. Ndoto za msituni zina nguvu zaidi. Mtazamaji wa Bunia atashtuka kumwona okapi, mnyama wa Ituri, ambaye wengi wetu hatujapata kumwona licha ya ujirani wa Epulu, akimtokea usiku mwanamke wa Kinshasa.

Nasi huku, tangu vita vya 1999 hadi 2003, na tena tangu mwisho wa 2017, tunao akina mama wengi wa namna hiyo, ambao watoto wao wako hai lakini wamekatwa viungo au wamepoteza usemi. Wanafunzi wetu wanaokusanya nyimbo za kilio huenda kwenye nyumba zenye maiti. Hatujamtuma hata mmoja akawaulize akina mama hawa wanaimba nini.