Eksirei haioni gegedu
Kipimo cha Kellgren na Lawrence cha mwaka 1957 bado kinatumika kupanga uchakavu wa goti, daraja 0 hadi 4, kwa kuangalia eksirei. Lakini jamani, gegedu lenyewe halionekani kwenye eksirei! Kinachosomwa ni uwazi kati ya mifupa na miiba ya mfupa iliyoota pembeni. Tena ukipigwa picha umelala badala ya kusimama, uwazi unaweza kuonekana mpana kuliko ulivyo. MRI nayo? Utafiti wa Framingham, Marekani, wa 2008: kati ya waliokutwa na meniska zilizochanika, asilimia 61 hawakuwa wameumwa goti mwezi uliotangulia. Sasa mama anayeambiwa “picha haina kitu, nenda nyumbani”, na usiku halali, kapimwa nini hasa?