eCitizen na Mgeni wa Kwanza: Wapi Anapokelewa, Wapi Anaachwa Mlangoni

Kijana wa mtaa wa Kaptembwa, Nakuru, akiomba kazi ya ulinzi, huenda akadaiwa cheti cha maadili mema. Cheti hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, lakini ombi huanzia eCitizen, lango la huduma za serikali ya Kenya lililofunguliwa mwaka 2014. Kwa vijana wengi wa Nakuru, hapo ndipo wanapokutana na tovuti ya serikali kwa mara ya kwanza.

Hatua iliyobuniwa vizuri kuliko zote ndiyo ile ambayo ingemtisha mgeni zaidi, yaani malipo. Akishajaza ombi na kuchagua M-Pesa, kidirisha hujitokeza kwenye simu yake, kikataja kiasi na anayelipwa, kikasubiri PIN. Hakuna kadi ya benki, hakuna akaunti ya kunakili. Kidirisha chenyewe si cha eCitizen. Ni kilekile anachokiona akilipa kwingineko. M-Pesa ilianza Machi 2007, na muuza viazi wa Molo alizoea kubonyeza PIN yake muda mrefu kabla serikali haijawa na lango la mtandaoni la kulipia. Hata ujumbe wa kuthibitisha huja na sura anayoijua: msimbo, kiasi, tarehe, saa. Mwaka 2023 serikali iliagiza malipo ya huduma zake yapitie nambari moja ya malipo (Paybill), 222222, baada ya miaka ya idara kujitegemea. Wanasiasa walibishania mwenye kushika fedha. Mimi naangalia kidole cha mlipaji: tarakimu moja iliyorudiwa mara sita ni vigumu kuikosea.

Jakob Nielsen, mtaalamu wa muundo wa tovuti, alisema mwaka 2000 kwamba watu hutumia muda wao mwingi kwenye tovuti nyingine, kwa hiyo hutarajia yako ifanye kazi kama hizo. Huku Bonde la Ufa naona kanuni hiyo inahitaji kurekebishwa kidogo. Mgeni wetu huenda hana tovuti nyingine alizozizoea. Alichozoea ni menyu ya M-Pesa na WhatsApp. Anayemjengea tovuti aige huko.

Kuingia nako kulianza vizuri. Nambari ya kitambulisho hutosha kuwa jina la mtumiaji, na Mkenya mtu mzima anaijua kwa kichwa, maana huiandika kwenye daftari la bawabu kila aingiapo jengo. Mambo huharibika kwenye baruapepe. Asiyekuwa nayo hufunguliwa moja na mhudumu wa saiba, papo hapo, kwa nywila ambayo mhudumu ameibuni. Miezi ikipita, mwenye akaunti akisahau nywila ya eCitizen, njia ya kuirejesha inaweza kupelekwa kwenye sanduku ambalo hajawahi kulifungua mwenyewe. Simu anayo mkononi, nambari yake imesajiliwa kwa kitambulisho kilekile; ingefaa hiyo iwe njia ya kwanza kupewa, kabla ya baruapepe.

Kisha kuna mpangilio. Huduma zimewekwa chini ya taasisi zake, kwa hiyo anayetaka cheti inambidi ajue kwamba ni cha DCI, na anayetaka leseni ya udereva ajue kwamba ni ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Sanduku la kutafutia lipo, ila mgeni atalitumia tu akijua jina ambalo serikali imeipa shida yake. Uingereza ilipozindua GOV.UK mwaka 2012, iliacha kumdai raia ajue wizara na kuanza na jambo analotaka kulifanya. Hilo si suala la fedha nyingi. Ni la idara kukubali majina yao yasogezwe nyuma.

Upungufu unaoniudhi zaidi ni mdogo. Fomu ya C24 ya alama za vidole, inayohitajika kwa cheti cha maadili mema, huchapishwa pande zote mbili za karatasi moja, ndipo ipelekwe Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, pamoja na kitambulisho. Anayefika Huduma Centre na kurasa mbili zilizoachana anaweza kurudishwa kuchapisha upya. Sharti kama hilo lingekaa kwenye kitufe chenyewe cha kuchapisha, kwa herufi kubwa. Kwa sasa, anayelisema kwa sauti ni mhudumu wa saiba, kabla hajawasha printa.