Mkono Unaochanganya Oili

Injini kuukuu ya kupachika kwenye boti, ile ya mipigo miwili ambayo mafundi huiita tustroki, haina ndani yake mahali pa kuweka akiba ya oili. Ukiifungua hukuti sampo kama ya gari wala kijiti cha kupimia. Chumba cha krenki, ambacho kwenye injini nyingine ndiyo nyumba ya oili, hapa ni njia ya petroli na hewa. Pistoni ikipanda, vilimi vyembamba vya chuma hufunguka na mchanganyiko hunyonywa ndani. Ikishuka, mchanganyiko hubanwa na kusukumwa kupitia matundu ya ukuta wa silinda kwenda kuungua. Beringi za krenki, konrodi, ringi na ukuta wenyewe vyote hulainishwa na ukungu wa oili unaosafiri na petroli hiyo hiyo. Kila tone hufanya kazi mara moja tu, kisha huungua na kutoka na moshi. Ndiyo maana kujua nani anatia oili, na anatia kiasi gani, ni kujua mashine itaishi au itanoki.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuchanganya oili na petroli kwa mkono kabla ya kuondoka ufukweni. Ya pili ni kuweka oili kwenye tangi lake na kuiachia pampu iliyofungwa kwenye injini ipime yenyewe. Nimewatazama mafundi na vijana wa boti wakizifanya zote mbili, na nazistahi zote mbili. Lakini ninayotaka kuisifu kwanza ni ile ya mkono, kwa sababu watu wengi huiona kazi ya kibarua, na sivyo.

Injini nyingi zinazosukuma maboti ya uvuvi kwenye pwani yetu na Ziwa Victoria ni za aina hiyo ya kuchanganyiwa oili. Enduro za Yamaha za nguvu farasi 15 na 40 zimejengwa kwa kazi nzito, na nyingi hazina pampu ya oili hata kidogo. Mwenye boti hupewa mashine iliyo wazi, yenye sehemu chache, na pamoja nayo hupewa jukumu. Kiwanda kimefanya sehemu yake. Inayobaki hufanywa kila alfajiri juu ya mchanga, kwa dumu na chupa.

Mchanganyaji mzuri huanza na hesabu. Uwiano uliozoeleka ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Dumu la lita 20 linataka mililita 400. Tangi jekundu la lita 25 linataka nusu lita kamili, na hapo chupa tupu ya maji ya nusu lita huwa kipimo cha haki. Kosa huingia pale chupa hiyo hiyo inapomiminwa yote kwenye dumu la lita 20, maana uwiano umekuwa 40 kwa 1. Injini mpya, au iliyotoka kufungwa pistoni na ringi mpya, kwa kawaida hulishwa oili maradufu katika saa zake za kwanza: 25 kwa 1, mililita 40 kwa lita, mpaka vyuma vizoeane. Zipo pia mashine zilizoandikiwa 100 kwa 1. Mchanganyaji hodari hakisii. Anasoma kitabu cha injini yake, kisha anachora alama kwenye chupa kwa kalamu isiyofutika.

Halafu unakuja utaratibu wa kumimina. Petroli kidogo hutangulia, oili hufuata, dumu hufungwa na kutikiswa. Ndipo petroli iliyobaki huongezwa na dumu kutikiswa tena. Ukianza na oili peke yake hujishikiza chini ya dumu. Ukiitia mwishoni bila kutikisa, huzama. Kwa vyovyote vile injini itaanza safari kwa mchanganyiko usiolingana: oili nyingi mno mwanzoni, kidogo mno baadaye, au kinyume chake. Dumu huwekwa chini ardhini, mbali na jiko na sigara. Kichujio hukaa juu ya faneli, kwa sababu maji ya chumvi na mchanga havina msamaha ndani ya kabureta. Na huchanganywa kiasi cha kutumika karibuni, kwani petroli iliyokaa juani hupoteza nguvu na kuacha utomvu.

Aina ya oili nayo ni elimu. Oili ya injini hizi hubeba alama ya TC-W3, kiwango kilichowekwa na chama cha watengenezaji wa vyombo vya majini cha Marekani, NMMA. Injini ya boti hupozwa na maji, kwa hiyo hufanya kazi ikiwa baridi zaidi kuliko ya pikipiki inayopozwa na upepo. Oili za pikipiki za mipigo miwili mara nyingi huwa na viungo vya madini vinavyovumilia joto kali lakini vikiungua huacha majivu. Kwenye silinda baridi majivu hayo hujenga ukoko, ringi hunata kwenye mifereji yake, plagi huziba. TC-W3 imetengenezwa isiache majivu. Oili ya gari ni mbaya zaidi, kwa kuwa haikukusudiwa kuungua hata kidogo. Anayenunua oili ya bei rahisi kwa ajili ya injini ya boti atailipia tofauti hiyo kwa fundi.

Wapo wanaoamini kwamba kuzidisha oili ni kujihami. Mkono ulioelimika unajua kwamba ziada ina hasara mbili. Ya wazi ni moshi, kaboni na plagi zilizoloa. Iliyojificha ni hii: jeti ya kabureta hupitisha kimiminika kwa kiasi chake, na oili inapochukua nafasi kubwa zaidi katika kimiminika hicho, petroli hupungua. Silinda hupata hewa nyingi kuliko petroli, na joto hupanda. Kwa hiyo kipimo ndiyo kinga yenyewe.

Ushahidi wa mkono mzuri husomwa kwenye plagi. Fundi huikimbiza injini kwa mwendo wa kazi, huizima ghafla, kisha hufungua plagi za silinda zote na kuzipanga kwa mfuatano wake. Kauri yenye rangi ya kahawia iliyopauka inaonyesha mambo yako sawa. Nyeusi iliyoloa inalalamikia oili nyingi, petroli nyingi au moto hafifu. Nyeupe iliyobabuka inaonya kwamba joto limezidi na boti hiyo isirudi majini kabla ya kukaguliwa. Plagi moja ikitofautiana na mwenzake, tatizo haliko kwenye dumu, maana silinda zote zilikunywa dumu moja. Liko kwenye kabureta, vilimi au umeme. Hivi ndivyo kazi iliyofanywa sawasawa ufukweni inavyomsaidia fundi kujua pa kutafuta.

Sasa niipe pampu haki yake. Mwaka 1964 Yamaha ilileta mfumo wake wa Autolube kwenye pikipiki, na mwaka 1984 kampuni ya OMC, iliyotengeneza Johnson na Evinrude, ikaleta kwenye injini zake za boti mfumo wa VRO. Kwenye injini za boti za Yamaha zenye pampu, gia kutoka kwenye krenki huizungusha pampu hiyo, na fito nyembamba huiunganisha na kabureta. Ukifungua mafuta, pampu nayo hufunguka. Mipira myembamba hupeleka oili kwenye njia ya hewa ya kila silinda, na vali ndogo huizuia isirudi. VRO ilichukua njia nyingine: ilitumia msukumo wa shinikizo kutoka chumba cha krenki na kuchanganya oili na petroli ndani ya pampu yenyewe, kabla ya kabureta.

Uzuri wa ubunifu huu ni kwamba kipimo hubadilika na kazi. Kuchanganya kwa mkono ni chumvi iliyotiwa sufuriani: kila sahani itapata kiasi kile kile. Lakini injini inayokwenda taratibu haihitaji oili kama injini inayobeba mzigo kwa kasi kamili. Pampu hutoa karibu 50 kwa 1 mashine ikifunguliwa yote, na hupunguza hadi 100 kwa 1 au chini zaidi ikienda polepole. Mvuvi anayekokota ndoano za jodari kwa saa nyingi ataona tofauti: moshi haba, plagi safi, oili kidogo. Na kabureta ikiziba nusu, silinda ya mchanganyiko wa mkono hukosa petroli na oili kwa pamoja, ilhali ya pampu ya aina ya Yamaha huendelea kupata oili yake.

Tatizo ni umri. Mipira hukauka kwa jua na kupata nyufa. Vali ndogo hunata. Kiputo kimoja cha hewa hukatisha mtiririko. Maji huingia kwenye tangi la oili na kukaa chini, pale pampu inaponyonya. Kwenye baadhi ya mashine gia ya pampu ni ya plastiki, nayo huchakaa. Kuna king'ora, ndiyo, lakini katika mifumo mingi ya zamani king'ora hujua tu kama tangi lina oili. Hakijui kama oili imefika kwenye silinda. Mpira mmoja ukichomoka, tangi hubaki limejaa, king'ora hukaa kimya, na silinda moja hunoki katikati ya mkondo. Mashine ya kuchanganya haina mtego huo: petroli ikiisha au ikikatika, injini huzima ikiwa nzima.

Kwa hiyo mwenye injini kuukuu yenye pampu asikimbilie kuing'oa, wala asiiamini kwa mazoea. Mafundi makini huanza kwa kubadilisha mipira, kusafisha tangi na kutoa hewa. Kisha huendesha kwa petroli iliyochanganywa 50 kwa 1 huku pampu ikifanya kazi, wakiwa wameweka alama ya penseli kwenye tangi la oili. Oili ikishuka kwa kiasi kinachoaminika, na kila mpira ukionekana kupitisha, ndipo hurudi kwenye petroli tupu. Pampu ikishindwa jaribio hilo na vipuri havipatikani, hung'olewa kabisa pamoja na gia yake, matundu yake huzibwa, na king'ora cha joto huachwa kikifanya kazi. Kuiacha pampu izunguke kavu ni kuandaa uharibifu mwingine. Halafu huandikwa kwa rangi juu ya tangi: CHANGANYA. Boti moja hushikwa na mikono mingi, na anayedhani pampu ipo ataiua injini kwa safari moja.

Zama za injini hizi zinapita, na sababu ni ya haki. Tustroki ya kabureta huachia sehemu ya petroli yake bila kuungua, hadi robo, nayo huishia majini na hewani. Marekani ilianza kuzibana kwa kanuni za mwaka 1996. Hata hivyo kuanzia Lamu hadi Kilwa, na visiwani Ukerewe, zitaendelea kulisha familia kwa miaka mingi. Injini iliyopimiwa oili vizuri pia huchafua maji kidogo kuliko ile iliyomiminiwa ovyo.

Kwa injini kuukuu inayokwenda mbali na nchi kavu, hukumu yangu ni hii: pampu iliyothibitishwa, itumie; pampu yenye shaka, iondoe na uchanganye kwa mkono. Nawe mwenye boti, kijana unayemkabidhi dumu na chupa alfajiri mfundishe hesabu, mnunulie kipimo chenye alama, na umlipe kama fundi. Mashine yako, na watu walio ndani ya boti, wanategemea mililita zake 400.