Irabu Inayonong'onwa Amukura

Kauli ya Kiteso haimaliziki kama ya Kiswahili. Katika Kiswahili sisi huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kisha irabu ya mwisho tunaitamka kwa sauti kamili. Huko Amukura, na katika vijiji vya Wateso kati ya Busia na Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, maneno mengi yanapofika kwenye kituo hufunga kwa mnong'ono. Ulimi na midomo hukaa mkao ule ule wa irabu na pumzi hupita, ila nyuzi sauti hazitetemeki. Tabia hii imo pia katika Kiturkana, lugha ya ukoo mmoja na Kiteso, na mwanaisimu Gerrit Dimmendaal aliieleza katika sarufi yake ya mwaka 1983. Mgeni hudhani mzungumzaji ameishiwa pumzi. Mimi naisoma kama fani, na ubongo unanipa sababu.

Irabu ya kawaida hubeba vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni kidatu, yaani kasi ya mtetemo wa nyuzi sauti, ambacho ndicho hutoa toni na kiimbo. Cha pili ni umbo la kinywa, linaloipa nguvu baadhi ya mawimbi na kuyadhoofisha mengine, hata tukaitenga i na u. Mnong'ono huondoa cha kwanza na kukibakiza cha pili. Hivyo basi, lolote ambalo toni inataka kusema lazima liwe limekwisha semwa kabla ya irabu ile. Wimbo wa sentensi hutangulia kuisha, na umbo la neno hufuata nyuma yake.

Je, msikilizaji anaweza kuvipokea viwili hivi mbalimbali? Mwaka 2005 watafiti Daniel Bendor na Xiaoqin Wang waliripoti kwamba kwenye gamba la ubongo la kusikia la tumbili wadogo waitwao marmoset kuna nyuroni zinazofuata kidatu chenyewe. Hata wimbi la msingi likiondolewa, yakabaki yale ya juu yake tu, nyuroni hizo huitikia kana kwamba lipo. Kwa binadamu, Claire Tang, Liberty Hamilton na Edward Chang walichapisha mwaka 2017 matokeo kutoka kwa wagonjwa waliowekewa elektrodi juu ya ubongo kwa ajili ya matibabu. Katika mkunjo wa juu wa ubongo wa pembeni, sehemu fulani zilifuata kupanda na kushuka kwa kiimbo, maneno yawe yapi. Nyingine, jirani kabisa, zilifuata sauti za maneno, kiimbo kiwe kipi. Sentensi walizosikilizishwa zilikuwa za Kiingereza, kwa hiyo ninapoyaleta matokeo hayo Amukura ninakisia. Lakini ni makisio yenye msingi: irabu inayonong'onwa inawapa kazi wasomaji wa umbo na kuwapumzisha wasomaji wa kidatu. Kiteso kinatenganisha mdomoni kile ambacho ubongo tayari hukitenganisha.

Mnong'ono ni dhaifu, na hapo ndipo lugha inapoonyesha ustadi wake mkubwa zaidi. Irabu za Kiteso zimegawanyika katika makundi mawili, kulingana na mzizi wa ulimi unavyosogezwa mbele au kurudi nyuma, na irabu za neno moja huelekea kukaa kundi moja. Irabu zenye sauti zilizotangulia humwandaa msikilizaji, hata akifika mwisho uwanja wa kubahatisha umekwisha kupungua. Fani imeikinga sehemu yake iliyo rahisi kupotea. Sijui mpango mzuri kuliko huo katika lugha ninazozisikia upande huu wa mpaka.

Kuna jambo jingine, nalo linahusu mwanzo. Mwaka 2018 Hamilton, Erik Edwards na Chang walionyesha kwamba eneo la nyuma la mkunjo huo huo hulipuka kwa nguvu sauti inapoanza baada ya kimya, kisha hutulia hata kama maneno yanaendelea. Mwanzo wa kauli, basi, ubongo hujitilia alama wenyewe. Kwa Kiteso mwisho nao una alama yake, iliyotiwa na lugha: mtetemo unapokatika huku umbo likiendelea, msikilizaji anajua kituo kimefika, na zamu ya kusema inaweza kupita kwake.

Ndiyo maana naumia ninaposikia rekodi ya simulizi iliyohaririwa na mtu aliyekata kila mkia wa kauli akidhani ni pumzi tu, au programu ya simu iliyoufuta mnong'ono pamoja na kelele za malori. Kilichokatwa ni silabi. Neno limebaki na toni zake zote, likakosa irabu yake ya mwisho, na msimulizi anasikika kama mtu anayekatizwa katika kila sentensi.