Kufurushwa Si Kurudi

Kiingereza kina kitenzi "displace", ambacho wanafunzi wengi hukitafsiri "hamisha" bila kusita. Hata hivyo, mwalimu huhamishwa kutoka Kisii kwenda Keroka akiwa na barua yake mkononi, na mshahara wake wamfuata. Sivyo lisemavyo neno la Kiingereza.

Sehemu yake ya kwanza yaonyesha kuondoa. Ya pili, "place", ni mahali. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, nao kwa Kilatini "platea", lililotoka kwa Wayunani na maana yake njia pana. Basi aliyetendwa hivyo ameondolewa mahali alipokuwa akikaa. Kitenzi hakiulizi babu yake alizaliwa wapi.

Watu ndio waulizao. Baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, fujo zilizuka, na mapema mwaka 2008 Abagusii wengi waliokaa Bonde la Ufa walifukuzwa, wakaja Kisii na Nyamira. Wengi wao hawakukaa kambini, bali walipokewa na jamaa zao, katika mashamba ambayo tayari yalikuwa yamegawanywa vipande vidogo baina ya ndugu. Ikasemwa, "Wamerudi nyumbani."

Hilo ni neno la ukarimu, lakini nalilaumu. Kurudi ni kwenda tena ulikotoka. Mtoto aliyezaliwa Bonde la Ufa, akasoma huko na kuacha huko mbuzi wake, atarudije mahali asipopata kukaa? Tena, aliyekwisha "kurudi" huonekana hana haja ya msaada. Na malalamiko ya wengi miongoni mwa watu hawa, kwa miaka mingi, yalikuwa kwamba walio kambini walikumbukwa kabla yao.

Hata hivyo, Kiingereza nacho kina upungufu. Katika somo la sayansi, jiwe likitiwa katika chombo kilichojaa maji, twaambiwa kwa kitenzi kicho hicho kwamba limeyaondoa maji mahali pake. Maji humwagika, wala hakuna wa kulaumiwa. Kiswahili kina "furusha", na hapo hapo msikilizaji huona kuna mfukuzaji. Ila "furusha" peke yake haisemi kwamba mtu alikuwa na mahali pake. Hata kunguru hufurushwa shambani.

Kwa hiyo mimi ningeandika "aliyefurushwa kwake", ingawa ni maneno mawili.